Mwanafunzi wa Sheria na Mkataba wa Dalali: Uhakiki wa Kliniki za Wawekezaji Wadogo Nchini Marekani

UTANGULIZI

Makala haya yanahakiki taasisi moja ya nchi ya kibepari. Taasisi hiyo ni kliniki za sheria za vyuo vikuu vya Marekani ambamo wanafunzi, wakisimamiwa na mwalimu aliye wakili, huwatetea bila malipo wawekezaji wadogo wenye madai dhidi ya madalali wa hisa. Kliniki hizo zilianza mwaka 1997 katika vyuo vya Pace na Fordham, jimboni New York. Zilianza baada ya Arthur Levitt, aliyekuwa Mwenyekiti wa Tume ya Dhamana na Masoko ya Hisa ya nchi hiyo, kufanya mikutano na wananchi na kusikia malalamiko ya watu waliopoteza akiba zao na kukosa wakili wa kuwasemea. Baadaye vyuo vingine vilifuata, kama vile St. John's, Cornell, Northwestern na Miami.

Tumeamua kulijadili jambo hili kwa sababu limezua ubishi katika madarasa yetu ya siasa, na ubishi wenyewe umeonyesha udhaifu wa mafunzo yetu. Wako ndugu wanaosema kwamba ugomvi wa mwenye hisa na dalali wake ni ugomvi wa mabepari wenyewe kwa wenyewe, wala haumhusu mvuja jasho. Wako wengine, hasa wanafunzi wa sheria, wanaosema kwamba hapa ndipo tunapoona haki ya kweli, maana hata mnyonge mwenye dola elfu chache anapata mtetezi. Tutaonyesha kwamba kauli zote mbili ni za haraka. Ya kwanza haikuchunguza mwenye hisa ni nani. Ya pili haikuchunguza baraza analopelekwa ni la nani.

MWEKEZAJI MDOGO NI NANI?

Hatuwezi kuhakiki msaada bila kumjua anayesaidiwa. Jina la "mwekezaji" linaficha mambo. Linamweka katika fungu moja tajiri mwenye kiwanda na muuguzi mstaafu mwenye akiba ya miaka 30 ya kazi.

Historia inatusaidia kuwatenganisha. Hapo zamani wafanyakazi wengi wa makampuni makubwa ya Marekani waliahidiwa pensheni ya kiasi maalumu. Soko likipanda au likishuka, mzigo ulikuwa wa mwajiri. Mwaka 1978 sheria ya kodi ya nchi hiyo ilipata kifungu kipya, cha 401(k), ambacho katika miaka iliyofuata kilitumiwa na waajiri kuanzisha utaratibu mwingine. Mfanyakazi anakatwa sehemu ya mshahara, mwajiri pengine anaongeza kidogo, na fedha zinawekwa katika hisa na dhamana. Soko likianguka, anayeanguka nalo ni mfanyakazi. Mzigo ulihamishwa kutoka mabega ya mwenye mali kwenda mabega ya mwenye kazi, na uhamisho huo ukapewa jina la uhuru wa kuchagua.

Mfanyakazi huyu anapostaafu au kubadili kazi, anaruhusiwa kuhamisha akiba yake kwenda katika akaunti binafsi. Hapo ndipo dalali anapomkuta. Ana kiinua mgongo mkononi, hana ujuzi wa soko, na ana hofu ya uzee. Basi mteja wa kliniki kwa kawaida si bepari. Hamiliki njia kuu za uzalishaji, hisa zake hazimpi sauti yoyote katika uendeshaji wa kampuni, na alichonacho ni mshahara wa jana uliowekwa kwa ajili ya kesho.

Hata hivyo tusimfanye malaika. Hali yake ina mgongano ndani yake. Anayetarajia hisa zipande bei anatarajia faida ya kampuni ikue, na faida hiyo mara nyingine hukua kwa kupunguza wafanyakazi kama yeye. Ubepari umemfunga mvuja jasho kwa kamba mbili: ananyonywa kazini, kisha akiba yake inafanywa sehemu ya mtaji unaomnyonya mwenziwe. Kada asiyeuona mgongano huu ataishia ama kumdharau mtu huyu ama kumtukuza, na yote mawili ni makosa.

DALALI ANALIPWAJE?

Kwa desturi dalali hulipwa kamisheni kila anaponunua au kuuza. Hilo peke yake linatosha kueleza chanzo cha magomvi mengi. Maslahi ya mteja ni akiba itulie na ikue. Maslahi ya dalali ni akiba itembee.

Tuchukue mfano wa hesabu. Mjane ana akaunti ya dola 20,000. Dalali ananunua na kuuza mara kwa mara, hata jumla ya manunuzi ya mwaka mzima inafika dola 120,000. Maana yake fedha ile ile imezungushwa mara 6. Tuseme kila ununuzi unagharimu asilimia 2, na kila uuzaji asilimia 2. Gharama za mwaka ni dola 4,800, yaani asilimia 24 ya akiba yote. Hisa zingepaswa kupanda kwa asilimia 24 ndipo mjane arudi mahali alipoanzia. Dalali amekwisha kulipwa, zipande zisipande.

Wanasheria wa huko wana kipimo cha desturi kwa jambo hili. Akiba ikizungushwa mara 2 kwa mwaka ni dalili ya hila, mara 4 ni dhana nzito, mara 6 huhesabiwa kuwa uzungushaji umepita kiasi. Lakini haitoshi kuonyesha mzunguko. Mlalamikaji hana budi kuonyesha pia kwamba dalali ndiye aliyekuwa akiitawala akaunti, na kwamba alitanguliza kamisheni mbele ya mteja. Mbali na hila hiyo yapo makosa mengine: kumshauri mzee anunue dhamana za hatari zisizolingana na umri na hali yake, kuuza na kununua bila idhini yake, na kumficha ukweli kuhusu gharama.

Tuongeze jambo moja ili tusimgeuze dalali kuwa shetani wa hadithi. Mara nyingi dalali naye ni mwajiriwa, anayepimwa kila mwezi kwa kamisheni alizoingiza. Asipofikia kiwango, anaondolewa. Tabia yake mbaya hufundishwa na utaratibu wa malipo kabla haijawa tabia ya moyo wake. Sheria mpya iliyoanza kutumika tarehe 30 Juni, 2020 imewataka madalali watazame maslahi bora ya mteja wanapompa ushauri, lakini haikufuta kamisheni. Imemwamuru paka asile nyama, na nyama imeachwa pale pale.

MKATABA NA BARAZA LAKE

Sasa mjane anataka kudai. Aende wapi? Jibu lilikwisha kuandikwa siku alipofungua akaunti. Katika mkataba ambao hakuusoma, au aliusoma asiuelewe, kuna kifungu kinachosema kwamba ugomvi wowote hautapelekwa mahakamani, utapelekwa kwa wasuluhishi.

Kifungu hicho hakikuwa na nguvu hiyo siku zote. Baada ya soko la hisa kuanguka mwaka 1929, Marekani ilitunga sheria mbili kubwa za dhamana, ya mwaka 1933 na ya mwaka 1934. Mwaka 1953, katika shauri la Wilko dhidi ya Swan, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba mwenye dai chini ya sheria ya mwaka 1933 hawezi kunyang'anywa haki yake ya kwenda mahakamani kwa mkataba aliotia saini kabla ya ugomvi. Tarehe 8 Juni, 1987, katika shauri la Shearson/American Express dhidi ya McMahon, Mahakama hiyo hiyo iligeuka. Kwa madai ya sheria ya mwaka 1934, wingi wa majaji uliamua kwamba kifungu cha usuluhishi kinamfunga mteja. Jaji Blackmun alipinga sehemu hiyo ya hukumu, akieleza wasiwasi kuhusu haki ya mwekezaji mbele ya usuluhishi unaoendeshwa na sekta yenyewe. Mwaka 1989 uamuzi wa mwaka 1953 ulifutwa kabisa.

Baraza lenyewe ni la nani? Tangu mwaka 2007 linaendeshwa na FINRA, chombo kilichotokana na kuunganishwa kwa chama cha madalali na idara ya usimamizi ya Soko la Hisa la New York. Si idara ya Serikali. Ni chombo cha sekta, chenye wanachama walio makampuni ya udalali, ingawa kinasimamiwa na Tume. Kwa miaka mingi, katika jopo la wasuluhishi watatu, mmoja alitoka katika sekta ya dhamana. Mwaka 2011 ndipo mteja aliporuhusiwa kuchagua jopo lisilo na mtu wa sekta hata mmoja.

Hapa ndipo tunapowataka wanafunzi wetu wa sheria wasimame kidogo. Mkataba huo unasemekana ni wa hiari, kwa kuwa mteja alitia saini. Lakini makampuni yakiwa na kifungu kile kile, hiari ya mteja ni hiari ya abiria katika kijiji chenye basi moja: apande au atembee kwa miguu. Mwaka 2010 Bunge la Marekani liliipa Tume mamlaka ya kuvizuia vifungu hivyo ikiona inafaa. Katika miaka zaidi ya kumi iliyofuata Tume haikuvipiga marufuku. Sheria inaweza kuweka silaha ghalani na isiwepo nguvu ya kisiasa ya kuitoa.

KAZI YA KLINIKI

Katika mazingira hayo ndipo kliniki inapoingia, na ni lazima tuseme wazi kwamba kazi yake ni ya kweli.

Turudi kwenye hesabu ya mjane. Dai lake ni dola 4,800. Mawakili wa huko katika madai ya namna hii mara nyingi hulipwa sehemu ya kinachopatikana, na theluthi moja ni kiwango cha kawaida. Theluthi ya 4,800 ni dola 1,600. Hakuna wakili wa biashara atakayefanya kazi ya miezi mingi kwa fedha hiyo. Hivyo haki ya mjane ipo kwenye karatasi, lakini haina miguu. Na upande wa pili kampuni ina mawakili wa kudumu. Kliniki inachukua madai yale hasa ambayo soko la mawakili limeyatupa, ya watu wenye kipato kidogo na madai madogo.

Mwanafunzi anafanya nini? Anamsikiliza mteja, na mara nyingi hii ndiyo mara ya kwanza mtu huyo kusikilizwa bila kuharakishwa. Anakusanya taarifa za akaunti za kila mwezi, anazipanga, anakokotoa mzunguko na hasara. Anaandika maelezo ya dai. Anadai nyaraka kutoka kwa kampuni. Anapokea orodha ya wasuluhishi, anachunguza historia ya kila mmoja, anawafuta wasiofaa na kuwapanga waliobaki. Siku ya shauri anamhoji dalali ana kwa ana. Dai lisilozidi dola 50,000 (kabla ya mwaka 2012 kiwango kilikuwa 25,000) huamuliwa na msuluhishi mmoja kwa kusoma karatasi tu, isipokuwa mteja akiomba kusikilizwa. Kwa sababu hiyo uandishi mzuri wa mwanafunzi unaweza kuwa ndio sauti yote ya mteja.

Kwa elimu, jambo hili lina uzito mkubwa. Mwanafunzi aliyesoma kanuni za mikataba darasani anakutana na mkataba ukiwa umemkaba mtu. Anajifunza kwamba kosa haliji limeandikwa jina lake. Hana budi kulichimbua katika safu za tarakimu. Anajifunza pia kumweleza mzee wa miaka 70, kwa lugha anayoielewa, kwamba dai lake halina ushahidi wa kutosha. Elimu inayounganisha nadharia na vitendo ndiyo tuliyoihubiri sisi tangu siasa ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967. Itakuwa ni unafiki kukataa kuitambua eti kwa sababu tumeikuta New York.

MIPAKA YAKE

Baada ya kusema hayo, hatuna budi kuonyesha mipaka, maana uhakiki usioonyesha mipaka ni tangazo.

Kwanza, kliniki inapigana ndani ya nyumba ya mpinzani. Haihoji kwa nini mjane amefungiwa mlango wa mahakama. Inamsindikiza hadi mlango ule mwingine. Tena mfuko wa elimu wa chombo hicho hicho cha sekta umewahi kuvipa baadhi ya vyuo ruzuku ya kuanzishia kliniki. Hatusemi kwamba ruzuku hiyo imenunua wanafunzi. Tunasema kwamba mwenye kutoa fedha, mwenye kuendesha baraza na mwenye wanachama wanaolalamikiwa ni chombo kimoja. Kada yeyote angeuliza maswali kuhusu mpango kama huo katika chama cha ushirika cha kijijini.

Pili, ushindi wake hauachi njia nyuma yake. Hukumu ya mahakama inakuwa mwongozo kwa mashauri yajayo. Uamuzi wa wasuluhishi kwa kawaida hautoi sababu, isipokuwa pande zote mbili zikiomba pamoja. Haufungi jopo jingine, na sababu za kuukatia shauri mahakamani ni chache mno. Mashauri mengi huishia kwa mapatano ya kimya kimya. Mjane wa leo anaweza kulipwa, na hila ile ile ikamkuta mjane wa kesho, naye akaanza upya kana kwamba hakuna aliyewahi kumtangulia.

Tatu, ushindi mwingine hubaki karatasi. Kampuni ndogo za udalali huweza kufunga milango kabla ya kulipa. Shirika la kulinda wawekezaji lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1970 hurudisha mali iliyopotea kampuni inapofilisika. Halilipi hasara iliyotokana na ushauri mbaya.

Nne, idadi. Vyuo vya sheria vilivyoidhinishwa Marekani ni karibu 200, na vyenye kliniki za namna hii ni sehemu ndogo tu. Baadhi zilifunguliwa zikafungwa fedha zilipokwisha. Mwanafunzi mwenyewe hukaa muhula mmoja au miwili, kisha huondoka, na wako wanaokwenda kuajiriwa na ofisi za mawakili wa makampuni yale yale. Msaada unaotegemea ukarimu hukauka ukarimu unapokauka.

Lakini kuna upande mmoja ambao wanaosifu na wanaobeza wote wameusahau, na kwetu sisi ndio wenye thamani kuliko yote. Kliniki hizi zimekuwa zikiandika maoni kwa Tume na kwa chombo cha sekta kila kanuni zinapotaka kubadilishwa, zikitumia yale waliyoyaona katika mashauri yao. Hapo mwanafunzi anaacha kuwa mganga wa jeraha moja moja na kuanza kuuliza kisu kinatoka wapi. Shauri la mtu mmoja limegeuka kuwa ushahidi wa wengi. Kama kliniki ingefanya hili tu, ingekuwa imefanya kazi ya siasa, hata kama yenyewe haiiti hivyo.

NASI JE?

Itakuwa rahisi kumaliza hapa, tukisema ubepari ni ubepari. Lakini Chama chetu kilitufundisha kujikosoa na kukosoana, na sehemu hii inatuhusu sisi wakufunzi kabla ya mtu mwingine.

Miaka michache iliyopita, katika mafunzo ya makada wa wilaya moja, mwalimu mstaafu alisimama akatoa karatasi. Alikuwa amenunua hisa kwa sehemu ya kiinua mgongo chake kupitia wakala. Alipotaka kuuza alijaza fomu, akazungushwa kwa miezi, bei ikashuka, na alipolipwa alikuta makato asiyoyaelewa. Maelezo ya makato yalikuwa ya Kiingereza. Akatuuliza: "Ndugu wakufunzi, mnatufundisha unyonyaji ni nini. Huu wangu ni unyonyaji, au ni bahati mbaya?"

Hatukuwa na jibu. Tulimwambia tutafuatilia, tukaendelea na mada ya siku. Aliketi, akaikunja karatasi yake.

Tumejiuliza tangu siku ile kwa nini hatukuwa na jibu. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni yoyote. Mwaka 1991, kwa maamuzi ya Zanzibar, masharti hayo yalilegezwa. Sisi tulio wakufunzi leo tulikuwa watoto wakati huo. Tulipokuja kusomea siasa tulirithi msamiati wa kabla na ukimya wa baada. Tulifundishwa kwamba hisa ni chombo cha unyonyaji, kisha tukaona hisa zikiuzwa, na hatukufundisha tena neno. Wakati huo huo maisha hayakungoja. Sheria ya Masoko ya Mitaji na Dhamana ilitungwa mwaka 1994. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza mauzo mwaka 1998. Benki zilizokuwa za umma ziliuza hisa kwa wananchi mwaka 2008 na 2009. Mwaka 2017 kampuni ya simu iliuza hisa zake kwa umma kwa kutii sheria, na walimu, wauguzi na wakulima walipanga foleni. Na mwaka 2009 upatu wa DECI ulisimamishwa na Serikali baada ya kukusanya fedha za maelfu ya watu waliokosa mtu wa kuwaeleza tofauti ya akiba, hisa na upatu. Mahali ambapo kada amenyamaza, tapeli amesema.

Yapo mambo ya kujengea. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 kwa kitivo cha sheria, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Wanafunzi wa kwanza wa sheria wa chuo hicho walisomea chini ya paa la Chama. Oktoba 1966 wanafunzi walipoandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, Mwalimu Nyerere aliwafukuza, na Taifa zima likajadili deni la msomi kwa mkulima aliyemlipia. Chuo hicho kimekuwa na kamati ya msaada wa kisheria iliyowasaidia wanyonge. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria. Mwaka 2021 Bunge lilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Kinachopungua ni kuviunganisha vitu hivi na akiba ya mtu mdogo.

Tusiige kliniki ya Marekani kama ilivyo. Tuchukue hesabu yake na tuache baraza lake. Yaani, tuchukue kazi ile ya kukaa na mtu, kusoma karatasi zake, kukokotoa na kuandika. Tusikubali kwamba mlango wa mahakama uweze kufungwa kwa kifungu kilichochapwa kwa herufi ndogo na kampuni yenyewe.

KAZI ZILIZO MBELE YETU

(a) Wakufunzi wa siasa tujifunze hisa ni nini, dalali analipwaje na mwananchi analalamika wapi, ikiwa ni pamoja na kazi za Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Asiyejua hawezi kukosoa. Anaweza kulaani tu.

(b) Wanafunzi wa sheria waombe, kupitia kamati zao za msaada wa kisheria, kupokea madai ya akiba, hisa, bima na mikopo, mbali na yale ya ardhi na ndoa. Na kila muhula wakusanye waliyoyaona, bila kutaja majina ya wateja, wayapeleke kwa wenye kutunga kanuni.

(c) Makada wa matawi wadai kwamba mkataba wowote anaotiliwa saini na mwananchi kuhusu akiba yake uwe kwa Kiswahili, na gharama zote zitajwe kwa shilingi, si kwa asilimia peke yake.

(d) Katika mijadala yetu tuache kumtazama mwenye hisa chache kama msaliti. Tumtazame kama mvuja jasho ambaye akiba yake imeingia mahali penye hatari, na ambaye anahitaji ulinzi na elimu kwa pamoja.

HITIMISHO

Tumeona kwamba kliniki ya sheria ya Marekani ni msaada wa kweli uliojengwa juu ya dhuluma isiyoguswa. Wanaoibeza wamemsahau mjane. Wanaoitukuza wameusahau mkataba. Kada hana budi kuwakumbuka wote wawili kwa wakati mmoja.

Na swali la mwalimu mstaafu tunalijibu sasa, kwa kuchelewa. Bahati mbaya ni bei kushuka kwa sababu ambayo hakuna aliyeipanga. Unyonyaji ni pale mtu mwingine anapofaidika kwa kutojua kwako, naye ana wajibu wa kukueleza. Ili kutofautisha haya mawili, inabidi karatasi isomwe mstari kwa mstari: fomu ilipokelewa lini, hisa ziliuzwa lini, nani alipata nini katika siku zilizopita katikati. Siku ile karatasi ilikuwa mbele yetu, na hatukuinyoosha mkono kuipokea. Mafunzo ya siasa yasiyoweza kusoma karatasi ya mtu mmoja hayawezi kudai kwamba yanausoma ulimwengu.